Jinsi ya kugeuza mafuta ya chipsi kuwa dizeli, ukianza na lita moja

Wacha niseme mapema ndio usipoteze methanoli yako bure, ile alkoholi ya sumu tunayochanganya na mafuta. Kukoroga biodizeli, yaani hiyo dizeli ya mafuta ya kupikia, si kazi, kazi iko kabla ya kukoroga, yaani kukausha mafuta na kupima asidi yake, na ukiruka hizo mbili utatoka na sabuni. Nasema hivi juu imenitokea. Mara ya kwanza nilipewa kipimo na mtu, akaniambia weka gramu tano za kostiki soda kwa kila lita na utakuwa sawa, nikachukua lita ishirini za mafuta ya kibanda kimoja hapa Kayole, nikapasha, nikamwaga kila kitu, nikakoroga saa nzima. Asubuhi kufungua mtungi nikapata kitu kizito kama uji uliolala, cha rangi ya maziwa, ata hakimwagiki. Lita nne za methanoli zikaenda hivyo. Ile mafuta ilikuwa imekaangia wiki mbili bila kubadilishwa na ilikuwa na maji ndani, na kile kipimo cha gramu tano kilikuwa cha mafuta ya huyo mtu, si yangu.

Sahi natengenezea mashine ya kusaga ya mjomba wangu kule Ruai, ile ya dizeli ya silinda moja anawasha stima ikipotea. Nitaeleza venye nafanya, hatua kwa hatua, na mahali pa hatari nitasema wazi.

Kwanza ujue kwa nini tunasumbuka. Injini ya dizeli inaweza kumeza mafuta ya mimea, hiyo si habari mpya. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 kulikuwa na injini ndogo ya dizeli iliyozungushwa na mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe alikuja kuieleza baadaye. Shida ni uzito, si wa mizani, ni wa kutiririka. Mafuta ya kupikia ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli, kwa hivyo nozo haiwezi kuyapuliza yakawa mvuke mwembamba, yanaungua nusu, yanaacha masizi, ringi zinashikana. Mwaka 1937 Mbelgiji mmoja anaitwa Chavanne akapata hataza ya kugeuza mafuta ya mimea kwa kutumia alkoholi, na mwaka uliofuata basi likatembea kati ya Brussels na Louvain kwa mawese yaliyogeuzwa hivyo. Tunachofanya sisi na mitungi yetu ni kitu hicho hicho. Mafuta ni gliserini iliyoshika minyororo mitatu mirefu, unaleta methanoli, kostiki inafungua ile shikamano, kila mnyororo unashikana na methanoli na hiyo ndio biodizeli, nyepesi, alafu gliserini inaachwa peke yake inazama chini.

Na usidhani ni mafuta ya kubahatisha. Ikitengenezwa vizuri inawaka haraka ndani ya silinda, kiwango cha Ulaya kinataka setani, ile namba ya kupima wepesi wa kuwaka, isipungue 51. Alafu inalainisha. Dizeli yetu Afrika Mashariki ilishushwa salfa hadi 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa milioni, kuanzia Januari 2015, hiyo ni nzuri kwa hewa, lakini ile kazi ya kutoa salfa inaondoa pia vitu vilivyokuwa vinalainisha pampu. Ukiweka asilimia mbili tu ya biodizeli ulaini unarudi. Kitu utakosa ni nguvu kidogo, lita moja ina nishati chini ya dizeli kwa kama asilimia nane hivi, mashine ya unga ata hutasikia tofauti.

Kutafuta mafuta

Ongea na mtu wa chipsi kabla hajamwaga, na usiende kama unamsaidia kutupa takataka, nenda kama mteja. Mama ninayemchukulia mimi nilimpelekea mtungi wangu wenye kifuniko nikamwambia, "Mama, naomba unimwagie humu ikipoa, na maji yasiingie." Akaniuliza, "Kijana, hii mafuta nyeusi unaenda kuuzia watu tena?" Ni swali la haki kabisa, juu kuna watu hufanya hivyo, mafuta yaliyochoka yanachujwa yanarudishwa vibandani. Nikampeleka akaone mashine inasaga. Tangu siku hiyo ananiwekea safi.

Chagua mafuta ya rangi ya chai ya rangi. Yale meusi kama oili ya injini na yenye harufu kali achana nayo, yana asidi nyingi. Mafuta ya kuku na nyama yana maji na chembe nyingi, ya viazi ni afadhali. Yale ya kuganda ukiweza yaache hadi uwe na uzoefu, nitafika hapo kwa baridi ya Julai.

Vyombo, na hapa tafadhali soma pole pole

Sufuria zetu nyingi ni aluminiamu. Kostiki inakula aluminiamu na inatoa hewa ya hidrojeni inayolipuka. Kupasha mafuta peke yake kwa sufuria ya aluminiamu hakuna shida, lakini mahali kostiki itaguswa iwe ni stenlesi au plastiki ngumu nyeupe ya mitungi, ile imeandikwa HDPE chini. Mafundi wa Kamukunji wanaweza kukutengenezea chombo cha stenlesi chenye koki chini, waambie koki isiwe ya shaba. Unahitaji pia mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, thamomita, mabomba ya sindano ya mililita 1 na 10 bila ncha, glavu ndefu za mpira, miwani ya kufunika macho kabisa, na maji mengi karibu. Siki weka ya kupangusa kostiki ikimwagika mezani, lakini ikigusa ngozi au jicho ni maji tu, yanayotiririka, dakika kumi na tano au zaidi.

Methanoli sasa. Watu wa Nairobi hatuhitaji kufundishwa, Novemba 2000 pombe iliyochanganywa na methanoli iliua zaidi ya watu mia moja, wengi wao upande wa Mukuru, na wengine wakabaki vipofu. Mililita kumi tu zinaweza kumaliza macho. Inapita kwa ngozi, inapita kwa pua, na zile maski za kawaida haziizuii, kwa hivyo fanyia kazi nje, upepo ukiwa mgongoni. Moto wake mchana hauonekani, unaweza kuwa unawaka na wewe unaona mtungi tu. Andika SUMU kwenye chombo, chora fuvu, fungia kwa kufuli, na usiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtu akimeza usingoje uone kama ataumwa, dalili zinaweza kuchelewa masaa mengi, mkimbize hospitali kubwa hapo hapo na useme ni methanoli.

Kama unaishi ploti ya vyumba vilivyobanana, na jiko la jirani liko mita mbili, usifanyie hapo. Mimi nabeba kila kitu hadi Ruai.

Kukausha

Chuja kwa kitambaa, fulana ya zamani ya pamba inafanya poa. Pasha hadi nyuzi 60, mimina kwa mtungi, acha usiku mzima. Maji yanazama, kwa hivyo asubuhi chukua ya juu tu na sehemu ya chini kama vidole vinne iache. Alafu rudisha ya juu kwa moto mdogo, panda pole pole hadi nyuzi 110 mpaka ikome kutoa mapovu. Usianze na moto mkali kama maji yako chini, yakigeuka mvuke ghafla yatarusha mafuta moto usoni.

Jinsi ya kujua imekauka: pasha kijiko cha chuma, dondosha tone. Ikilia tss tss bado. Ikitulia na kufuka kidogo tu, imekauka.

Kupima asidi

Hii ndio roho ya kazi. Mafuta yakikaangia sana minyororo mingine inakatika inakuwa asidi huru, na hizo asidi zinakula kostiki yako kabla haijafanya kazi. Kwa hivyo kila mafuta yana kipimo chake na unakitafuta mwenyewe, kila mtungi, ata kama ni wa mama yule yule wa wiki jana.

Chukua maji ya betri, yale safi ya kuongezea, si asidi ya betri, lita moja. Yeyusha humo gramu 1 kamili ya kostiki. Hiyo ni maji ya kupimia, funga vizuri, uandike jina. Alafu tafuta spiriti ya isopropili, ile mafundi wa simu hutumia kusafisha bodi, na uloweke manjano ya jikoni ndani ya kiasi kidogo, ichuje, utapata maji ya dhahabu. Manjano inabadilika kuwa nyekundu ikikutana na kostiki, na hiyo ndio ishara yako.

Weka mililita 10 za isopropili kwa glasi ndogo, matone matano ya manjano, na uongeze maji ya kupimia tone moja moja hadi rangi ianze tu kugeuka, hapo umesawazisha spiriti yenyewe. Sasa ongeza mililita 1 ya mafuta yako, si karibu moja, moja. Kama hayachanganyiki vizuri simamisha glasi ndani ya maji moto. Rangi itarudi dhahabu. Jaza bomba la mililita 10 na maji ya kupimia, anza kudondosha huku unazungusha glasi. Utaona mahali tone linaanguka panakuwa pekundu kidogo alafu panapotea, tena panapotea, kila tone linachelewa kidogo kupotea, na ghafla glasi yote inashika rangi nyekundu ya kahawia na inakaa. Hesabu sekunde thelathini. Ikikaa, soma bomba umetumia mililita ngapi. Rudia mara tatu, chukua wastani.

Hesabu ni rahisi: 3.5 jumlisha hiyo namba ndio gramu za kostiki kwa kila lita ya mafuta. Mimi mafuta ya yule mama huja kama 2 hadi 2.5. Kwa hivyo 3.5 na 2.5 ni gramu 6 kwa lita. Ile mafuta yangu ya kwanza niliyoharibu nilikuwa nimebakisha kikombe, nikaipima baadaye nikapata karibu 7, maana yake ilitaka gramu zaidi ya kumi na mimi niliweka tano. Namba ya kipimo ikipita 5 mimi siigeuzi, naichanganya na safi hadi ishuke au naipeleka kwa mtengeneza sabuni.

Kostiki yenyewe iwe kavu. Inavuta maji hewani, ikishikana kuwa jiwe imechoka na mizani itakudanganya. Na ile ya kuzibua sinki soma kibandiko kwanza, zingine zimewekwa vipande vya aluminiamu.

Lita moja kabla ya ishirini

Usiruke hii. Pima kostiki haraka, gramu 6 kwa mfano wetu. Methanoli mililita 200. Mimina methanoli kwa chupa kavu ya HDPE, ongeza kostiki kidogo kidogo, funga, zungusha taratibu. Itapata joto, hiyo ni kawaida, legeza kifuniko mara moja moja ipumue, uso wako ukiwa mbali. Endelea hadi usione chembe yoyote chini. Mchanganyiko huu ni mbaya kuliko vyote viwili vikiwa peke yake, unachoma na unaua mishipa ya fahamu ya ngozi, unaweza usisikie maumivu.

Mafuta lita moja pasha hadi 55. Zima moto. Ondoka nayo hapo, mita kumi au zaidi, ndio ukutanishe na methanoli. Methanoli inachemka nyuzi 64.7 kwa hivyo usipite 60. Mimina pamoja kwa mtungi mdogo mkavu wa HDPE wa lita mbili au tatu, funga, tikisa kwa nguvu sekunde kumi, fungua kidogo itoe presha, tikisa tena. Mwanzo itakuwa kama maziwa alafu itafunguka iwe nyepesi, utaisikia kwa mkono, inacheza kama maji. Endelea kwa saa moja ukiifunika na blanketi ndio isipoe.

Weka ikae kimya. Ndani ya dakika ishirini utaona mstari, chini nyeusi nzito, juu ya rangi ya asali. Nilipouona huo mstari mara ya kwanza niliketi chini kwenye jiwe nikauangalia tu, mjomba akauliza kama niko sawa. Acha hadi kesho yake.

Ikifaulu ndio uende lita ishirini: methanoli lita 4, kostiki gramu 120 kwa mfano wetu, joto lile lile, na badala ya kutikisa unakoroga kwa pampu ya mkono au kijiti kirefu cha stenlesi, saa nzima, kifuniko kikiwa kimefunika. Usitumie drili ya umeme juu ya mtungi, cheche zake zinatosha kuwasha mvuke wa methanoli.

Kuhakikisha na kuosha

Kabla ya kuosha fanya kipimo cha 3/27. Mililita 3 za biodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli, joto la chumba, tikisa. Ikiwa angavu yote, umegeuza vizuri. Ukiona tone la mafuta limelala chini, hayo ni mafuta ambayo hayajageuka, rudisha yote na uongeze methanoli na kostiki kidogo, juu ukiyaosha hivyo yatakuwa mayonezi.

Kuosha ni maji vuguvugu, theluthi moja ya biodizeli. Mara ya kwanza mimina pole pole na uzungushe kama unabembeleza mtoto, acha maji yatulie, yatoe kwa koki. Mara ya pili zungusha zaidi. Ya tatu au ya nne unaweza kutikisa, maji yakitoka safi umemaliza. Yakikataa kutengana weka chumvi kidogo na uyapashe. Maji ya kuosha usimwage kwa mtaro unaoenda mtoni, mto wa Nairobi umechoka tayari. Mimi nayaacha kwa beseni pana kwenye jua mahali watoto na kuku hawafiki, methanoli ipae, alafu nasawazisha na siki kabla ya kuyamwaga shambani mbali na mboga.

Kukausha biodizeli iliyooshwa, sufuria pana ya stenlesi, nyuzi 50, koroga wazi hadi ule ukungu upotee. Weka kwenye glasi, simamisha mbele ya gazeti. Ukisoma maandishi kupitia glasi, imekauka.

Ile gliserini ya chini ina methanoli bado na kostiki nyingi. Itolee methanoli nje kwa joto zaidi ya nyuzi 65, mbali na moto wa wazi, ndio uifanye sabuni ya kusugua mikono ya fundi. Sabuni hiyo inatoa grisi ajabu.

Kuitia kwa injini

Anza na moja kwa nne, biodizeli lita 1 dizeli lita 4. Injini ya zamani yenye pampu ya makanika inafaa, gari jipya lenye reli moja ya presha na chujio la moshi usilijaribu. Biodizeli inasafisha uchafu wa miaka uliolala kwenye tanki, uchafu wote unakimbilia filta, kwa hivyo nunua filta mbili mapema na ubadilishe ya kwanza injini ikianza kukohoa. Paipu za mpira wa kawaida zinavimba, weka za vitoni, ule mpira usioharibiwa na biodizeli. Ukitaka kuuzia watu, nenda EPRA kwanza, ile mamlaka ya kawi na petroli ya Kenya, uulize leseni.

Baridi ndio itakushangaza. Mafuta mengi ya vibanda ni ya mawese, na biodizeli ya mawese inaanza ukungu kwenye nyuzi kumi na kitu, usiku wa Julai hapa Nairobi unashuka huko, na Limuru ndio usiseme. Ukiamka ukute mtungi una mawingu meupe haijaharibika, ipashe jua. Mwezi wa sita hadi wa nane mimi napunguza niweke moja kwa tisa. Kuna dawa nyingine imetuotea barabarani, ule mti mukinduri, kroton, ambao Nairobi umejaa. Mbegu zake zina mafuta kama asilimia thelathini na biodizeli yake inavumilia baridi kuliko ya mawese, ila inachacha haraka, kwa hivyo haitaki kukaa stoo. Kukamua nyumbani ni kazi ngumu, tafuta mtu mwenye mashine ya kukamua alizeti.

Watu huniuliza kama naweza kutengeneza ile ya ndege, juu walisikia Kenya Airways iliruka kwenda Amsterdam Mei 2023 na mafuta yaliyotokana na mimea na mafuta taka ya kupikia. Hapana, hiyo ni njia ingine. Pale wanatumia hidrojeni kwa presha kubwa kung'oa oksijeni yote, inabaki hidrokaboni safi kama ya petroli, na ata hivyo inachanganywa hadi nusu tu. Biodizeli yetu bado ina oksijeni ndani na ikipanda juu angani itaganda. Lakini malighafi ni ndugu, mbarika, kroton na pamba za Makueni zinakamuliwa pale pale kaunti na mafuta yanapelekwa Italia.

Iwekee tarehe kila mtungi, jaza hadi juu ndio hewa isibaki, weka gizani, na uitumie kabla miezi sita haijaisha. Kwenye mitungi yangu naandika vitu vinne na kalamu nzito: siku, namba ya asidi, gramu za kostiki, na kama ilipita 3/27.